Kipande cha Kumi na Saba

Roswitha Uhlig hakuwa na heshima kwa mtu anayegusa kitu kabla ya kukitazama, na Daktari Henrik Vossberg aligusa kila kitu. Asubuhi ile ya Jumatatu alisukuma mlango wa chumba cha kushonea kwa goti, maana mikono yake ilikuwa imeshika mikoba miwili. Akasogeza kiti cha Edeltraud, mshonaji mwenzake Roswitha, bila kuuliza kama kina mwenyewe. Alipofika kwenye meza kubwa nyeupe, pale ulipolazwa wavu, akanyoosha kidole, na Roswitha akamwambia, kama unavyomwambia mtoto aliyesogelea jiko, "Glavu."

Daktari akatabasamu tabasamu la kumvumilia mzee. Akavaa glavu, akaanza kugusa.

"Daktari wa nini huyu?" Roswitha alimnong'oneza Edeltraud. "Wa meno?"

"Wa hesabu za anga, ndivyo alivyosema Bwana Löschner."

"Basi angebaki huko huko angani akahesabu."

Wavu wenyewe ulikuwa wa kumfanya mgeni asiyaamini macho yake. Ulifumwa kwa waya uliopakwa dhahabu, mwembamba kuliko nusu ya unywele, na ulipotoka kwenye mashine ulikuwa laini kama soksi ndefu za akina mama za kwendea kanisani. Ukiushika kwa mara ya kwanza unadhani hujashika kitu. Walikuwa wanaukata vipande ishirini na vinne, kila kimoja na umbo la kipande cha keki, kisha wanavishona pamoja viwe uso wa dishi moja la mita kumi na mbili. Dishi hilo lingekunjwa kama mwavuli, lipandishwe kwa roketi, lifunguliwe huko juu, na kazi yake ilikuwa kusikiliza vifaa vidogo vya kuombea msaada vilivyofungwa kwenye mashua za watu. Sauti za vifaa hivyo ni hafifu mno. Ndiyo maana kulikuwa na sheria moja iliyozidi zote katika chumba kile: waya ukikatika, kipande kinatupwa. Hakiungwi. Ncha mbili za waya zikigusana kwa kulegea hunong'ona zenyewe, na mnong'ono wao unatosha kufunika sauti ya mtu anayezama.

Sheria nyingine ilihusu bakuli la mbao lililokaa mlangoni. Pete, saa, bangili, hata vibanio vya nywele, vyote viliachwa mle. Daktari Vossberg aliweka funguo zake na pete yake ya ndoa. Saa hakuivua. Alisema inampimia mapigo ya moyo.

"Yapo?" Roswitha aliuliza.

Siku ile ile, saa tatu, wakati wa kahawa, Bwana Löschner mwenye karakana aliwaita wanawake wale wawili pembeni. Löschner alikuwa mtu mwema wa aina ile ambayo wema wake humwagika akitikiswa kidogo. Aliwaeleza kwa kuzungukazunguka kwamba mteja, kule magharibi, amenunua mashine ya kugundisha vipande kwa gundi, bila sindano wala mkono wa mtu. Kama dishi hili lisingekubaliwa Jumatano saa sita mchana, madishi matatu yanayofuata yangekwenda kwenye mashine hiyo, na chumba cha kushonea kingefungwa. Waya wa akiba ulikuwa umekwisha, na kuagiza mwingine ni majuma sita. Kwa hiyo, alisema Löschner, tumpokee Daktari, mkaguzi aliyetumwa na mteja, kwa upole.

Roswitha mwenyewe hakuwa na cha kuogopa sana. Alikuwa na miaka sitini na saba, pensheni yake ilikuwa inaingia tayari, na alikuja kazini kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu wa kumkosoa. Ila Edeltraud Meinel alibakiza miezi kumi na minne kufikia pensheni kamili, na mume wake aliyaacha mapafu yake mgodini. Miezi kumi na minne kwa nyumba ile haikuwa jambo la kuchezea.

Hao wawili walikuwa wameshona meza moja kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo Roswitha alimdharau Edeltraud kwa mikono yake mizito. Edeltraud alikuwa mpole kupita kiasi, alisema na wavu kama mtu anayembembeleza mbuzi wakati wa kumkamua. "Haya, haya, lala vizuri." Roswitha alikuwa akimwambia kwamba wavu hauna masikio bado, ndiyo kwanza wanalishona hilo sikio. Lakini kila asubuhi ya baridi, Roswitha alipofika, alikuta jiko dogo la umeme chini ya kiti chake limewashwa zamani na magoti yake yanapokewa na joto. Alijua ni nani anayewahi kufika. Hakuwahi kusema asante, na Edeltraud hakuonekana kuingojea.

Jumanne ilikuwa siku ya mhadhara. Daktari Vossberg alisimama juu ya wavu uliokuwa umelazwa mezani, kingo zake zimebanwa kwa vibanio vidogo, na kutoka kila kibanio uzi umeteremka ukingoni mwa meza ukiwa na kipande cha madini ya risasi mwishoni, vyote uzito mmoja, ili wavu uvutwe sawasawa kila upande. Alieleza mvutano ni nini. Aliwaeleza wanawake waliokuwa wamepachika vile vipande vya risasi kwa mikono yao, tena mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Roswitha hakuridhika. Alieleza kwamba mkono wa binadamu una kasoro ya asili. Alisema "akina bibi wa soksi" kwa namna ya kuwapenda, kama mtu anavyowasifu kuku wake.

Ni kweli walikuwa wa soksi. Mji mzima huo wa milimani, huko jimbo la Saksonia, uliishi kwa soksi tangu enzi za babu zao. Roswitha aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na sita, akawekwa kwenye benchi la warekebishaji, wale wasichana waliorudisha vitanzi vilivyofumuka. Soksi thelathini kwa zamu moja. Sindano ndogo yenye ulimi inashuka, inakamata kitanzi, inakipandisha, inakamata kingine, mpaka ule mstari wa hewa unafungika. Mrekebishaji aliyeacha alama alionekana hafai kitu. Msimamizi alikuwa akivuta soksi juu ya ngumi yake mbele ya dirisha, na akiona mahali palipofanyiwa kazi, alikurushia usoni. Ukuta uliogawa nchi ulipoanguka, kiwanda kikafungwa, na Roswitha akaosha ngazi za hoteli kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka, mpaka Löschner aliponunua mashine tatu za zamani na kutafuta watu wanaoweza kushona kitu kisichoonekana.

Basi Daktari akainama. Alitaka kuonyesha mshono mmoja uliomshangaza kwa kwenda upande, ingawa haukwenda upande, yeye ndiye aliyesimama upande. Mkono wake ukapita juu ya kipande cha kumi na saba, na kifungo cha saa yake kikashika.

Roswitha alisikia. Sauti ndogo kabisa, kama ukucha juu ya kikombe. Waya ulikatika, na vitanzi kumi na kimoja vikashuka kimoja baada ya kingine, bila haraka, vikaacha mstari mwembamba wa hewa. Daktari alikuwa anaendelea kusema. Alikuwa amefika kwenye somo la uzembe.

Akaenda kula na Löschner. Edeltraud alikuwa jikoni tangu awali, anapasha moto supu ya viazi. Roswitha akabaki peke yake na ule mstari.

Angeweza kumwita Daktari. Aliwaza hivyo, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Lakini alimwona tayari akilini, anavyosimama mlangoni na soseji mdomoni, anavyosema kwamba wavu ni dhaifu, anavyomtazama Löschner, na Löschner anavyotikisa kichwa kukubali. Neno la bibi wa soksi dhidi ya neno la saa inayopima moyo. Asingempa furaha hiyo. Na kabla hajamaliza kuwaza, mkono wake ulikuwa umeshafungua droo na kutoa sindano yenye ulimi.

Alirudisha vitanzi vyote kumi na kimoja. Alipofika juu, aliunga waya kwa kijipande kilichosalia kwenye kibiringo, kisichotosha kufuma chochote, akafunga fundo dogo kuliko punje ya chumvi, akalificha nyuma ya kitanzi. Mikono yake haikuwa imefanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na zaidi, na ilifurahi kama farasi mzee aliyefunguliwa uwanjani. Alipomaliza aliinama kutazama upande huu na upande ule, mbele ya dirisha, na yeye mwenyewe, aliyejua pahali, ilimbidi apatafute.

Edeltraud akaingia na bakuli mbili. Roswitha alikunywa supu yote, akasema ina chumvi ya kutosha. Edeltraud akamtazama kwa wasiwasi, kwa sababu hakuzoea kusifiwa.

Jumatano Daktari Vossberg alikagua kwa muda wa saa mbili. Alikuwa na lenzi yenye taa, na alipita kila kipande kwa kunong'ona namba. Juu ya kipande cha kumi na saba alipita mara tatu. Roswitha alikaa na mikono mapajani akimwangalia anavyopita, na moyoni alikuwa na raha ambayo hakuwahi kuipata hata siku ya harusi yake. Pita tena, alimwambia kimoyomoyo. Pita, mheshimiwa, tumia na pua.

Saa tano na nusu Daktari alitia saini. Kisha, kwa bahati mbaya yake na ya kila mtu, akaamua kusema maneno mazuri.

Alikiri kwamba alikuja akiwa na mashaka. Alisema alitarajia kazi ya vikongwe, na amekuta kazi ya kweli. Atapendekeza madishi matatu yajayo yaletwe hapa hapa. Löschner akafumba macho kwa shukrani. Edeltraud akashika ukingo wa meza, na Roswitha aliona jinsi mabega yake yalivyoshuka, kama mtu anayetua ndoo aliyoibeba toka mbali.

"Na kama mnataka kujua ninachomaanisha," Daktari aliendelea, "tazameni hiki hapa. Cha kumi na saba. Hakuna kipande kilicho sawa kama hiki mezani. Vingine vyote vingekuwa hivi, nisingekuwa na kazi."

Mtu huyu alikuwa amechagua, kati ya vipande ishirini na vinne, kile kimoja kibovu, na anamtunuku Roswitha nacho. Kama angenyamaza, angeondoka na sifa hiyo. Angekwenda nayo nyumbani. Angekuwa amesifiwa na asiyeona, kwa kitu kisichofaa, na angeishi akijua kwamba wamefanana.

"Hicho kilifumuka," alisema. "Nimekirudisha mimi jana, saa ya chakula."

Daktari akacheka kwanza. Kisha akamtazama Löschner, ambaye alikuwa anatazama dari.

Roswitha akainuka, akaweka ncha ya sindano mahali penyewe. "Hapa. Vitanzi kumi na kimoja, na fundo juu."

Daktari akainama na lenzi. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. "Sioni kitu," alisema mwishowe.

"Najua huoni. Hukuona hata ulipokikata. Ni saa yako hiyo, ulipokuwa unatufundisha uzembe."

Mkono wa kushoto wa Daktari ulirudi nyuma ya mgongo wake, wenyewe, kama mtoto aliyeiba sukari. Roswitha alimtazama usoni akisubiri, na kusema haki, bado alimpa nafasi. Mtu anaweza kuwa mpumbavu siku mbili na akawa mtu siku ya tatu. Angesema samahani tu, au angeuliza tufanyeje.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza Daktari.

Basi akaanza kueleza, kwa sauti ya chini, ya kirafiki. Saini imeshawekwa. Treni yake ni saa nane. Fundo moja katika dishi la mita kumi na mbili ni kitu kidogo, hesabu zina nafasi ya makosa, na kwenye vipimo vya ardhini huenda hata lisisikike. Akina mama wanataka kazi, mteja anataka dishi, Bwana Löschner anataka amani. Kisichoonekana, alisema, ni kama hakipo.

"Daktari," Roswitha alisema, "wewe hujaona kitu tangu Jumatatu. Kwa hesabu yako, basi hata sisi hatupo."

Löschner akasema, "Bi Uhlig, tafadhali."

Mkasi ulikuwa mezani. Roswitha aliushika, lakini hakukata. Alimgeukia Edeltraud, kwa sababu miezi ile kumi na minne haikuwa yake kuikata. Miaka kumi na tisa alikuwa na la kumwambia kila siku, kuhusu mikono yake, kuhusu kubembeleza wavu, na sasa aliinua mkasi tu, akamngoja.

Edeltraud alikuwa amekuwa mweupe kama meza. Alitazama karatasi yenye saini. Kisha akazunguka meza polepole, kama alivyofanya kila kitu, akavuta glavu zake zikakaa vizuri vidoleni, na akalaza viganja vyote viwili juu ya mshono kati ya kipande cha kumi na saba na cha kumi na nane, ili kikikatwa kisifumue na jirani yake.

"Kata upande wako," alisema. "Nimeshika."

Roswitha akakata kutoka ukingoni hadi katikati, moja kwa moja, na waya za dhahabu zikalia chini ya mkasi kama mchanga chini ya kiatu. Daktari alitamka jina la Mungu. Edeltraud alikuwa anaunong'oneza wavu kitu, haya, haya, na kwa mara ya kwanza Roswitha hakumkejeli.

Sasa, mtu angedhani mambo yangeishia pabaya, na kwa kiasi yaliishia. Lakini mwoga ana akili zake. Daktari Vossberg hakuweza kuandika kwamba kipande kilikatwa bila sababu, wala hakuweza kuitaja sababu bila kuitaja saa. Kwa hiyo aliandika kwamba, kutokana na ukaguzi wake mkali, karakana ilitambua kipande chenye shaka na kukiharibu yenyewe papo hapo, na kwamba uangalifu wa namna hiyo hauwezi kutarajiwa kutoka kwa mashine ya gundi. Aliomba mteja angoje majuma sita. Aliomba pia, katika sentensi ya mwisho, kwamba mfanyakazi mwenye mkasi asiwekwe tena karibu na meza. Huyo alikuwa ameona mengi mno.

Löschner alimletea Roswitha barua ya kuachishwa kazi nyumbani, yeye mwenyewe, pamoja na nakala ya ripoti na maua. Alilia kidogo kwenye ukumbi. Roswitha akamwambia afute miguu. Aliisoma ile ripoti wima, akasita kwenye mstari wa ukaguzi mkali, akatoa sauti puani, kisha akaikunja mara nne akaitia chini ya mguu mfupi wa meza ya jikoni. Maua akayaweka majini, kwa sababu maua hayakumkosea.

Waya ulifika mwezi wa tatu. Wavu ukafumwa, ukalazwa, ukakatwa, na Edeltraud akashona kipande kipya peke yake. Jumapili iliyofuata alipanda mlima hadi kwa Roswitha na keki ya jibini laini iliyofungwa kitambaani, ingali na joto, magoti yake yakilalamika yote mawili. Alieleza kwamba safari hii aliletwa mkaguzi mwanamke, wa makamo, asiye na maneno. Alivua kila kitu mlangoni, hadi miwani yake akaibadilisha na nyingine isiyo na skrubu. Alitazama kutwa nzima. Jioni akasema, "Sawa," akatia saini, akaenda zake.

"'Sawa' tu?" aliuliza Roswitha.

"'Sawa' tu."

"Huyo ni mtu," alisema Roswitha.

Wakala. Dirishani theluji iliyoyeyuka ilikuwa inatiririka kutoka paani, na Edeltraud alikuwa anaokota makombo kwa ncha ya kidole, jinsi wanavyofanya watu waliozoea vitu vidogo. Akasema bila kuinua macho kwamba ule mshono wake, kati ya kumi na saba na kumi na nane, umekaa, umekubaliwa, lakini si kama wa Roswitha.

"Najua," alisema Roswitha, na akamkatia kipande cha pili, kikubwa kuliko chake mwenyewe.